Nafasi ya Zamda

Mwalimu Mkuu wetu, Valerian, akisikia mgeni rasmi anakuja, hupaka chokaa hata mawe ya njiani. Safari hii aliingia kupaka darasani kwangu.

Nafundisha Historia darasa la tano, Misima, Handeni. Nilipopewa kishikwambi nilikuta tovuti ambayo watoto wanaweza kutengenezea mstari wa wakati: unaandika tukio, unaweka mwaka na picha, lenyewe linajipanga mahali pake. Usipolipia, inapokea matukio ishirini tu. Tukaamua kuandika historia ya shule yetu. Watoto wakauliza nyumbani, wakarudi na habari za madarasa ya miti na udongo, upepo ulioezua paa, kisima kilichochimbwa na wazazi. Tukio la mwisho, la ishirini, walilichagua bila mimi kusema neno. Lilikuwa la mwenzao Zamda, aliyesombwa na maji ya korongo masika yaliyopita akija shule. Waliweka picha yake akiwa na ufagio mkononi, anacheka.

Nilimwonyesha mama yake, Mashavu. Hajui kusoma, lakini picha aliiona. Aliigusa, ikakua, akaondoa kidole haraka. Akaniuliza mwanawe atakaa humo mpaka lini. Nikamwambia daima, na siku ya maonyesho ya shule kule Korogwe aje amwone ukutani, akiwa mkubwa.

Wiki ya maonyesho Valerian akaniita ofisini. Mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa aliyetuletea projekta, na lazima awemo kwenye mstari. Nikasema nafasi zimejaa. Akasema Zamda atolewe. Nikamwambia atoe tukio la madawati, atoe la choo kipya, atoe lolote. Akatikisa kichwa. Nilijua kinachomsumbua: mheshimiwa huyohuyo ndiye aliyeahidi daraja la korongo, akaahidi tena, na ile picha ingemuumbua mbele ya watu.

"Funika kombe, Catherine, mwanaharamu apite," alisema.

Nilikataa, tena kwa sauti iliyosikika hadi chumba cha walimu, nikatoka nikiamini nimeshinda. Mjinga mimi. Akaunti ilisajiliwa kwa barua pepe ya shule, na nywila alikuwa nayo.

Korogwe, ukumbi ulijaa. Mashavu alikuwa ametoka Misima alfajiri, amejifunga kanga mpya, nikamketisha karibu nami. Ikram, msomaji hodari wa darasa langu, akasimama kusoma tukio moja baada ya jingine, picha zikipita ukutani. Alipofika la mwisho alinyamaza, akanitazama. Ukutani alikuwa mheshimiwa, anakata utepe wa projekta. Ikram akasoma kilichoandikwa. Mtoto angefanyaje? Ukumbi ukapiga makofi. Mashavu naye akapiga, kwa adabu tu, macho yake bado yako ukutani.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akafutwa.

Projekta ikazimwa. Mashavu akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, Zamda ameshapita? Labda nilipepesa macho."

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia ametolewa, na mahali pake amewekwa yule bwana aliyeketi mbele, anayevishwa shada la maua. Akamtazama. Hakulia. Akafungua kanga yake, akaifunga upya, akaikaza.

"Siku mliyomzika mwanangu, mimi nilibaki ndani na wanawake wenzangu, kama desturi," alisema. "Leo mmeniita nije nione kwa macho. Na makofi nimepiga."

Akanyanyuka, akatoka kwenda kutafuta basi la Handeni. Kule mbele Valerian alikuwa ananipungia mkono, niende kwenye picha ya pamoja na mgeni rasmi.