Maharagwe Sita

Penye nia pana njia, husema watu ambao njia yao haijawahi kupita kitandani kwa Alfayo. Phelis, mke wake, hakuwa na shida ya nia. Siku Janeffer, binti wa mradi wa afya, alipofika kwake kijijini Merigi na fomu zake, alimwekea mezani kikombe kitupu na maharagwe kumi.

"Mama, kama hauna nia yoyote ya kutumia kondomu na mzee hii miezi tatu inakuja, usiweke kitu. Kama uko na nia sana, weka zote kumi."

Phelis aliyatia yote kumi bila kupepesa macho. Alikuwa akimnyonyesha Kipngeno, mtoto wa miezi minane. Mume wake aliendesha boda boda mjini Litein na kulala huko Jumatatu hadi Ijumaa, na habari za mwanamke wake wa huko zilikuwa zimemfikia Phelis kitambo. Aliogopa ugonjwa. Zaidi aliogopa kumnyonyesha mwanawe huo ugonjwa.

"Kumi!" Janeffer akafurahi, akaandika.

"Na mbona huniulizi kama atakubali?"

Janeffer akapekua karatasi mbele na nyuma. "Hiyo haiko hapa, mama. Hapa ni nia tu." Akamwachia pakiti mbili za kondomu, akaenda kwa jirani kupima nia nyingine.

Jumamosi mchana Alfayo aliingia na kilo moja ya nyama, koti likichuruzika mvua. Alipomaliza kula, Phelis aliweka pakiti moja kando ya sahani yake.

"Baba Kipngeno, kuanzia leo tutumie hii."

Alingoja meza ipigwe ngumi. Alingoja kuulizwa ni mwanamume gani amempa. Badala yake Alfayo akacheka.

"Hao watu wa maharagwe wamefika mpaka hapa? Hata sisi walitupata pale steji. Mimi niliweka kumi!"

Phelis nusura alie kwa furaha. Wiki nzima amekosa usingizi, kumbe mwenzake naye ameweka kumi!

"Basi tumeelewana," akasema.

"Tumeelewana nini? Ile swali ilikuwa ya huko nje. Kwa nyumba yangu nivae mpira, kwani wewe ni malaya?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Alfayo mwenyewe alisikia alichosema, akaanza kutafuta kijiti cha meno ambacho hakukihitaji.

Phelis hakupiga kelele, ingawa hasira ilimfika shingoni. Aliinuka, akachota maharagwe kwenye debe, akahesabu kumi na kuyaweka mbele ya mumewe pamoja na kikombe.

"Nia nimesikia. Sasa hizi kumi ni mara kumi umeenda huko nje. Zile ulivaa, weka kwa kikombe."

"Wacha mchezo, Mama Kipngeno."

"Mimi sichezi. Niko na mtoto kwa titi."

Alfayo alitazama mlango, lakini nje mvua ilikuwa ya mawe. Akamtazama mtoto. Akatia haragwe la kwanza, kisha la pili. La tatu lilichukua muda. La nne alilizungusha vidoleni, akalidondosha kikombeni huku ameinamisha kichwa. Halafu mkono wake ukarudi magotini na kukaa huko.

"Na hizi zingine?"

"Nia ilikuwa," Alfayo akasema kwa sauti ndogo. "Hata hizo, nia ilikuwa."

Phelis aliyaokota yale sita moja moja, akayafunga kwenye pindo la leso. Alfayo alimwomba tu asimwambie mama yake. Jumapili walienda kanisani pamoja, wakaimba kutoka kitabu kimoja, na wala Phelis hakumruhusu amguse hata bega.

Jumatatu, majirani walipokuwa wakielekea kuchuma chai, yeye alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya zahanati, mtoto mgongoni.

"Umekuja na shida gani, mama?" nesi akauliza bila kuinua macho kwenye daftari.

Phelis alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, lakini mkono ulitangulia. Akafungua fundo la leso. Akayapanga maharagwe mezani kwa mstari, yote sita. Kisha akamshusha Kipngeno mgongoni na kumlaza kando ya lile la mwisho.

"Tupime wawili," akasema.