Zizi Kabla ya Daraja

Saa tisa ya Jumapili Dorothée alichora safu tatu katika daftari: saa, kinachotokea, mapigo ya moyo. Siku sita za juma alikuwa akihesabu vijidudu vya malaria katika labo ya kituo cha afya, na hakuona sababu ya kupima mchezo wa video kwa njia nyingine.

Mchezo ulikuwa umeletwa na Bruno, mdogo wa mume wake, aliyeununua Kampala pamoja na mashine yake na kuupitisha mpakani Mahagi kati ya marobota ya nguo. Juu ya kasha palikuwa na mwanamke mwenye deraya, anapasua zimwi kwa upanga, na kando yake namba 12. Walikuwa wamekubaliana: Bruno angerudi saa kumi na moja. Dorothée akisema mchezo haufai, angeubeba.

"Semeki, kasha inasema douze ans," Bruno alikuwa amemwambia shemeji yake. "Ketsia iko na treize. Umepata hata nyongeza ya mwaka mmoja."

"Wenye waliandika ile kasha hawamujue Ketsia."

Miaka mitano nyuma, asubuhi waliyokimbia wenye mapanga kijijini Bule, Ketsia, binti wa Dorothée, alikuwa na miaka minane. Tangu siku ile, panga lolote, hata la jirani anayefyeka majani, lilimfanya apige kelele na kuingia chini ya kitanda. Dorothée alimpima humo humo chini: mia moja arobaini, mia moja hamsini na mbili. Mwaka wa kwanza ilitokea mara kumi na tisa, wa pili mara kumi na moja. Mara ya mwisho ilikuwa miezi kumi na minne iliyopita. Tarehe alikuwa nayo. Hakuwa tayari kuona miezi ile inaharibiwa na kitu cha kuchezea.

Nicolas, mume wake, aliingia kutoka nje. Ilikuwa mara ya nne tangu watoke kanisani.

"Ulienda kuangalia nini?" Dorothée aliuliza.

"Barabara."

"Iko bado?"

"Iko." Aliketi, akasimama, akasogeza pazia. Kule Bule aliweza kukaa kilimani nusu siku nzima, anatazama ng'ombe wanavyokula. Mji wa Bunia ulikuwa umemnyima kiti. Kila alipokaa, miguu yake ilianza kutafuta viatu.

"Papa, kuja tucheze," Ketsia alisema. "Wawili ndiyo vizuri." Alimpa manette ya pili, kile kidude cha kuchezea, na Nicolas akaigeuza mikononi, akatazama vitufe vyake.

"Hii wanaikamulia wapi?"

Ketsia alicheka. Dorothée aliandika: *saa tisa na dakika nane, anacheka, themanini na mbili.*

Mchezo wenyewe haukuwa na mambo mengi. Mazimwi yalishuka milimani, ukayakata, yakageuka moshi wa kijani. Damu hakuna. Ketsia alikuwa yule mwanamke wa upanga, baba yake jitu lenye shoka. Mwanzoni jitu liligonga miti na ukuta wa kisima.

"Papa, ule mti ulikukosea nini?"

"Ulinizibia njia."

Kila dakika kumi Dorothée aliweka vidole viwili shingoni mwa binti yake. Tisini na nne. Tisini na moja. Upanga ulipita kwenye kioo mara mia, na mtoto akauendesha kama anayepiga pasi, anakunja midomo, anahesabu kwa sauti ya chini. Dorothée alianza kuudhika kidogo, kama anapopata kioo cha damu kisicho na kijidudu hata kimoja, cha mgonjwa mwenye homa kali.

Kisha wakafika kijijini. Kazi yao ilikuwa kukimbia hadi darajani kabla ya mazimwi. Kushoto kwa njia kulikuwa na zizi la ng'ombe, limefungwa, na moto ulikuwa umeshika paa la nyumba ya jirani.

Ketsia alikimbia. Karibu na daraja mwanamke wake alisimama, anakanyaga pale pale.

"Papa, kuja. Kama weye hauje, kioo hakisogee. Tunaenda pamoja ao hatuende."

Nicolas hakuja. Jitu lake lilikuwa mbele ya zizi, na shoka lilipanda na kushuka. Mazimwi yalimpiga mgongoni, hakugeuka. Dorothée alihitaji muda kuelewa alichokiona. Mume wake hakuwa anapiga mazimwi. Alikuwa anapiga mlango.

"Ule mlango haufunguke, Papa. Ni picha tu."

"Ngoja."

"Nilishajaribu jana kwa rafiki yangu Grâce, iko na yake. Haufunguke."

"Ngoja, nimesema."

Jitu lilikufa, mchezo ukalirudisha, likaenda tena kwenye mlango. Mara tatu. Mara nne. Goti la Nicolas lilikuwa linapiga mguu wa meza, na vikombe vinalia. Dorothée alijua idadi ya ng'ombe wa Bule, arobaini na tatu, na alijua walichomwa zizini. Jambo la mlango hakuwahi kuliuliza. Nicolas naye hakuwahi kulisema.

Ketsia alirudisha mwanamke wake kutoka darajani, akamsimamisha kando ya jitu.

"Siku ile ya Bule ulikuwa unanibeba, Papa," alisema, macho kwenye kioo. "Mukono moja ilikuwa kwangu, ingine iko na sanduku ya Mama. Ile kamba ya mlango ilikuwa inaomba mikono mbili. Nilikuwa mugongoni. Niliona."

Moto wa kwenye kioo ulifika zizini, kama ulivyopangwa kufika.

"Sasa tuende," Ketsia alisema.

Jitu liligeuka. Walivuka daraja pamoja.

Dorothée aliweka vidole shingoni mwa binti: themanini na nane. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, alishika mkono wa mume wake. Mia moja ishirini na sita. Alichora safu ya nne, akaandika juu yake *Nicolas*.

Bruno alibisha hodi saa kumi na moja kamili. "Basi, semeki? Inafaa ao nibebe?"

"Kwa mutoto inafaa. Acha hapa."

"Na mbona uko na sura ya pasta kwenye kilio?"

"Baba yake atacheza kama Ketsia iko karibu. Peke yake, hapana."

Bruno alitazama huku na huku kuona kama ni mzaha, hakupata, akaomba chai.

"Turudilie mwanzo," Nicolas alisema. "Pale kwenye zizi."

"Leo hapana," Dorothée alisema.

Alitegemea Nicolas ainuke aende kuangalia barabara. Hakuinuka. Mkono wake ulikuwa bado kwenye vidole vya Dorothée: mia moja na nne. Dorothée alikuwa amemaliza kuhesabu. Alianza tena, ili awe na hakika.