Anti Araba Asikiliza Mpaka Mwisho

Wifi yangu Araba Mensima ni fundi wa nguo hapa Swedru. Ana sifa mbili: kukata kola na kumkata mtu maneno. Mteja akianza, "Anti Araba, nataka gauni ambalo huku mbele..." yeye keshamalizia, "limeshuka kidogo, zipu nyuma, mikono mifupi. Njoo Ijumaa." Na gauni likiisha, ndilo lenyewe. Kwa hiyo watu hawamlalamikii, isipokuwa mume wake, ambaye ni kaka yangu. Ila malalamiko ya kaka hayajawahi kufika mwisho.

Jumapili moja, zikiwa zimebaki siku saba kabla ya sikukuu ya mavuno, mchungaji wetu Mama Baidoo alikuja kanisani na kikapu cha karatasi zilizokunjwa. Alisema amechoka kutusikia tukiitikia amina kwa nguvu, halafu tukitoka mlangoni tunagombania kivuli. Kila mtu achukue karatasi moja, na kilichoandikwa akifanye ndani ya wiki.

"Imani yenu hapa ndani nimeshaiona," alisema. "Sasa nataka niikute sokoni."

Yangu mimi iliandikwa: Usizungumze habari za mtu asiyekuwepo. Wiki ile nilikonda. Lakini ilikwisha zamani, kwa hiyo naweza kuwasimulia ya Araba.

Ya Araba ilisema: Msikilize mtu mmoja mpaka amalize.

"Hii nimetegewa," aliniambia tukirudi nyumbani.

"Wifi, umeichukua kwa mkono wako mwenyewe. Na kile kikapu kili..."

"Kilitikiswa, najua. Kilitikiswa kuelekea upande wangu."

Jumatatu alijaribu kwa kaka yangu. Alikaa mbele yake, akakunja mikono, akanyamaza. Kaka alishtuka sana, akasahau alichotaka kusema, akaenda kulala mapema akidhani ana homa. Jumanne alijaribu kwa muuza kenkey, ile mikate ya unga wa mahindi uliochachuka, lakini yule mama naye ni mtu wa maneno mawili tu, pilipili au bila pilipili. Hiyo Araba hakuihesabu.

Jumatano alasiri akaja Papa Otoo, ameshika suruali iliyotoka kifungo.

Papa Otoo alikuwa gadi wa treni enzi zake, njia ya Sekondi kwenda Kumasi, na ana hadithi moja ya safari moja. Huisimulia kituo kwa kituo. Mtaa mzima unaijua mpaka Tarkwa, kwa sababu hapo ndipo kila mtu hukumbuka ameacha chungu motoni. Mjomba wangu mmoja aliwahi kuvumilia mpaka Dunkwa, na bado anasifiwa. Kumasi hakuna aliyefika.

Alijikalisha kwenye benchi, akasafisha koo. "Mwaka ule tulitoka Sekondi asubuhi, Araba, na behewa la tatu lilikuwa na matenga ya kuku..."

Araba alimtazama, akatazama magauni kumi na mawili meupe yaliyokuwa yakimsubiri. Yalikuwa ya Umoja wa Wanawake, ya kuvaa siku ya mavuno, na kila moja lilikuwa bado halijakunjwa pindo. Aliyaahidi Ijumaa. Akachukua pini, akazibana mdomoni moja moja mpaka midomo ikafungika. Baadaye aliniambia kwamba aliomba kimoyomoyo: Bwana, mzee ndiyo kwanza anatoka Sekondi, nishike.

Walipofika Tarkwa tenga la kwanza lilipasuka. Walipofika Dunkwa kuku walikuwa wamejaa behewa zima, na mke wa chifu alikuwa amesimama juu ya kiti akiwatukana. Obuasi, mchimba dhahabu mmoja alipanda, akavua kofia kusalimia, jogoo akaingia humo. Papa Otoo hakuwa na haraka. Alieleza hata jogoo alikuwa wa rangi gani.

"Sasa tukaingia Kumasi," alisema, na sauti yake ikabadilika kidogo, kama mtu aliyepita mlango ambao hajawahi kuupita. "Mwenye kuku akasema lazima niwalipe waliopotea. Tukawakamata, tukawahesabu. Walitoka Sekondi arobaini. Kumasi walikuwa arobaini na mmoja."

Araba akacheka mpaka pini zikamwagika sakafuni. Yeye na mzee wakainama kuziokota, na hapo akaona jambo. Papa Otoo alikuwa akipapasa. Pini ilikuwa mbele ya kidole chake, inameta, na yeye anaitafuta pembeni.

Mzee akajua ameonekana. Akarudi kukaa, akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mpaka imechoka.

"Mwanangu, kwa kuwa umefika Kumasi na mimi, nisomee hii. Mimi nilikuwa nasoma tiketi za watu treni ikiyumba. Naona haya kumwambia mtu sioni. Kila siku naanza na hadithi ili nijipe moyo, nikimaliza niombe. Lakini watu wanashuka Tarkwa."

Ilikuwa karatasi ya hospitali ya macho. Ana mtoto wa jicho, na amepangiwa upasuaji.

"Wameandika lini?" mzee aliuliza.

"Alhamisi."

"Alhamisi ya wiki gani?"

"Kesho, Papa. Saa moja asubuhi. Na wanataka uje na mtu wa kukusindikiza."

Mzee alikunja karatasi taratibu. "Basi niandikie watupangie nyingine. Mtu wa kunisindikiza sina, na wewe una kazi ya kanisa."

Araba anasema jibu lilikuwa tayari mdomoni. Angejibu kama kawaida yake, angesema sawa, na neno lingekwisha. Badala yake aliyatazama yale magauni tena, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akakubali kuihatarisha ahadi yake mwenyewe.

"Kazi ya kanisa ndiyo hii," alisema. "Kesho saa kumi na moja alfajiri nakupitia. Usile."

Alhamisi alikwenda na Papa Otoo mkono mmoja, na mkono wa pili mfuko wenye magauni kumi na mawili, sindano na uzi. Foleni ilikuwa ndefu. Alianza kukunja pindo la kwanza, na mama aliyekaa jirani akamwomba naye ashone moja, maana kusubiri kunachosha. Likaja la pili, la tatu. Kufikia saa tatu benchi zima la wasindikizaji lilikuwa linashona, pamoja na dereva wa lori la saruji aliyemleta mama yake. Huyo alishona kama anayefunga magunia. Na Papa Otoo, kabla hajaitwa ndani, aliwasimulia safari yote, na hakuna aliyeondoka, kwa kuwa kuondoka ni kupoteza nafasi.

Ijumaa mwenyekiti wa Umoja, Mama Ekuwa Tawiah, alikuja kuchukua. Akaligeuza gauni lake, akaligeuza tena.

"Araba, hili pindo limeshonwa na nani?"

"Na dereva wa lori la saruji."

"Unanitania."

"Kaa chini nikueleze."

Akaelezwa. Alisema kwamba ni aibu mzee kukosa mtu wa kumsindikiza, na kwamba gauni lake lisiguswe, atalivaa hivyo hivyo. Siku ya mavuno kina mama kumi na wawili waliingia kanisani wakiimba, mapindo yakipanda na kushuka, na Papa Otoo alikaa mstari wa mbele na bandeji jicho moja, anaimba kuwazidi.

Lakini jambo halikuishia hapo. Habari ilipoenea, wazee wengine walianza kuja dukani kwa Araba mmoja mmoja, kila mmoja na suruali isiyokuwa na tatizo lolote. Wakizungukazunguka, mwisho karatasi inatoka. Mmoja alikuwa na dawa asizojua zinanywewa lini. Umoja wa Wanawake wakagawana zamu za kusindikiza watu hospitalini, na Mama Ekuwa Tawiah akachukua Alhamisi.

Msidhani Araba amekuwa malaika. Jana tu amenikatiza mara nne nikiwa nasimulia jambo la maana sana. Ndipo jirani yetu Bibi Esuon akatokea mlangoni, amefumbata kitambaa, akasema alikuwa anapita tu. Araba alisimamisha cherehani, akamsogezea kiti, akanifanyia ishara na mkasi ninyamaze.

"Karibu, Nana," alisema. "Anzia mwanzo. Sina haraka."