Jina la Mama Mkwe

Kama utani ungekuwa mnazi, Mung'aro angekuwa mgema. Angegema asubuhi, akagema jioni, na bado wateja wangempigia hodi.

Mwaka ule wa tisini na sita waliletwa watu sita kutoka shamba moja la nyanya, huko ng'ambo ya Mtwapa, waje kisiwani kwa siku mbili kufundishwa usalama wa kazi. Ukumbi ulikuwa Tudor. Siku ya kwanza mwalimu, Bwana Barnabas, alivaa glavu, buti, miwani na barakoa, akasimama mbele kuonyesha vile mpiga dawa anavyotakiwa kuwa.

"Bwana mwalimu," Mung'aro alipaza sauti kutoka safu ya nyuma, "hayo ni ya kupigia dawa au ya kwendea mwezini? Sisi tajiri katupa kitambaa kimoja cha kufungia pua, nacho twapokezana kama kata ya tembo la mnazi."

Ukumbi uliangua kicheko. Wale watano wenziwe walicheka zaidi, maana kitambaa hicho walikijua.

Siku ya pili Barnabas aligawa vikaratasi. Kila mtu aandike jina la dawa anayopiga shambani. Watu sita wa shamba la nyanya, bila kutazamiana, waliandika jina moja: Mama Mkwe.

Jina hilo alilitunga Mung'aro mwenyewe miaka miwili nyuma. Alisema dawa ile ikikutazama tu, macho yakutoka machozi, na kichwa chakuuma hadi kesho yake. Sasa hiyo kama si mama mkwe ni nani? Likashika. Mnyapara Kaingu akawa kila alfajiri anaita, "Leo Mama Mkwe, laini tatu za nyanya!" na hakuna aliyeuliza.

"Na jina lililo kwenye kibandiko?" Barnabas aliuliza, vikaratasi sita mkononi.

"Hilo lake la shule, bwana. Sisi twamwita la nyumbani," Mung'aro alijibu.

Wakacheka tena. Barnabas akaweka vikaratasi mezani, akainama, akatoa dumu tupu la lita tano alilolipata sokoni bila kibandiko, la buluu, kifuniko cheupe. Hata walio mbali walilitambua.

"Dawa ikiisha, hili mwalifanyaje?"

Kila mtu alijua jibu. Madumu matupu yalikwenda kwa zamu, na zamu yako ikifika, dumu ni lako. Nani angeyatupa? Tena mtu haingii mjini kwa jamaa zake akining'iniza mikono mitupu.

"Twaliosha," Mung'aro alijibu. "Jivu na mchanga, mara tatu. Hata maiti haoshwi hivyo."

Safari hii Barnabas hakungoja kicheko kiishe. Alichukua msumeno, akaukata mkono wa dumu. Ndani ulikuwa na uwazi. Akauinamisha juu ya karatasi nyeupe, na yakadondoka matone mazito, rangi ya chai ya rangi. Harufu ikapanda. Kila mpiga dawa mle ndani aliijua.

"Hili tumeliosha mara kumi," Barnabas alisema.



Usiku uliopita Mung'aro alilala Mji wa Kale kwa dadake, Mapenzi, aliyekuwa akipika kwa Bi Hind na kukaa chumba cha uani. Zamu yake ya dumu ilikuwa imefika juzi tu. Akaliosha, akalinusa, akaridhika. Kibandiko alikikwangua kwa kisu hadi alama ya mwisho, kwa kuwa kilikuwa na fuvu la kichwa, na zawadi yenye fuvu haipendezi. Mapenzi alilipokea kwa mikono miwili. Mifereji ilikuwa imekauka siku ya tisa. "Hili la maji yangu ya kunywa," alisema, akafunga uzi mwekundu mkononi mwa dumu, "na asiliguse mtu."

Mung'aro akainuka.

"Waenda wapi, bwana?" Barnabas aliuliza.

"Kwa dada."

Wenziwe walianza kucheka, wakingoja mzaha umalizike. Alikuwa ameshatoka.

Alikimbia kutoka Tudor mpaka Biashara Street, akapasua katikati ya leso zilizotundikwa milangoni, wenye maduka wakimtukania mamake. Alipoingia kichochoro cha Bi Hind, mlango ulikuwa wazi.

"Mung'aro! Afadhali umekuja, mwanangu," Bi Hind alisema. "Nduguyo yuwatapika tangu saa sita. Nimedhani ni joto, nikamzidishia maji."

Mapenzi alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka, jasho jingi, mate yakimtoka bila kukoma. Dumu lilikuwa kando yake, limefika nusu, na uzi wake mwekundu.

"Maji gani, Bi Hind?"

"Yake hayo. Si wewe umemletea dumu?"

Nje, Kombe muuza maji alikuwa akishusha mizigo. Alipomwona Mung'aro ametoka na dada yake begani, aliuinamisha mkokoteni, madumu yote yakabingirika kichochoroni, akashika mti wa kusukumia. Walimlaza mkokotenini, wakamsukuma hadi hospitali, Bi Hind nyuma yao akikimbia, leso ya kujitanda kaishika kwa meno.

Daktari Shukri alimfunua mgonjwa jicho. Mboni ilikuwa imesinyaa kama kichwa cha sindano.

"Amekunywa nini?"

"Maji. Kwenye dumu la dawa ya nyanya."

"Dawa inaitwaje?"



"Mama Mkwe."

Muuguzi aliinua kichwa. Daktari alimkazia macho. "Kijana, sina wakati wa mzaha."

"Haki ya Mungu, daktari, si mzaha. Ndivyo twaiitavyo."

"Kibandiko kiko wapi?"

"Nilikikwangua."

Daktari alikuwa ameshaanza kumchoma Mapenzi sindano, akisema huku hamtazami. "Hii ya kwanza nampa. Ya pili siwezi kubahatisha. Kuna sumu ambayo hiyo ya pili huizima, na kuna ambayo humzidishia mtu. Niletee jina. Jina lenyewe."

"Nenda, mwanangu," Bi Hind alisema, kaushika mguu wa Mapenzi. "Mimi nipo naye."

Akakimbia tena, kurudi Tudor. Barnabas alimsikiliza maneno matatu tu, akampeleka ofisini, akapiga simu shambani. Mung'aro alimsikia Kaingu ndani ya mkono wa simu, sauti kavu ya mbali.

"Dawa ya nyanya ipi? Aaa, Mama Mkwe! Si ungesema!" Kaingu akacheka.

"La kibandiko, bwana! Nenda stoo ukasome."

"Stoo ina kufuli. Funguo anazo karani, na karani kenda kula."

Wakangoja. Wale watano walisongamana mlangoni. Saa ya ukutani ilitembea dakika kumi na tisa. Kisha karani akaja, akasoma herufi moja moja, na Mung'aro akaandika kiganjani mwake kwa kalamu ya wino. Lilikuwa jina refu, lenye x katikati.

Alipofika hospitali ngumi aliikunja mpaka kucha zimeingia nyamani. Bi Hind alikuwa kwenye benchi la nje. Leso aliyojitanda haikuwa mwilini mwake tena.

Daktari Shukri alimfunua vidole kimoja kimoja, akasoma, akaandika kwenye faili. "Andika na saa," alimwambia muuguzi, kwa sauti ya chini.

Ndani, leso ya Bi Hind ilikuwa imemfunika Mapenzi mpaka usoni.

Wiki moja baada ya maziko, alfajiri, Kaingu aliita kama kawaida yake: "Leo Mama Mkwe, laini nne!" Wanaume wakachukua mabomba yao ya kupigia dawa.

Mung'aro aliweka lake chini. Aliingia stoo, akatoka na dumu jipya, la buluu, akalishika mbele ya uso wa Kaingu. Akalisoma jina silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kumbe lina jina refu hivyo!" Kaingu alicheka, akageuka kutafuta wa kucheka naye. Hakumpata.

"Sema," Mung'aro alimwambia.

"Ah, we nawe."

"Sema, Kaingu."