Dole Gumba la Shika Adabu

Jumanne hiyo Mwanatabu binti Boga alikuwa amekaa juu ya mbuzi nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Shika Adabu, Likoni, akikuna nazi ya pili kwa ajili ya mchuzi wa kunde, Jafar alipopiga hodi. Nazi ya kwanza ilikuwa ishakunwa, imo kwenye sinia ya bluu, imefunikwa kawa kwa sababu ya kuku. Jafar alikuja na viatu vya kuchongoka, faili, na kidau cha wino.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Safari hii hukuja na soda?"

Jafar akacheka, akajikunja juu ya kigoda. Alikuwa mtu wa kampuni ya mchanga, kazi yake kusema na wenyeji. Mwenyewe ni mzaliwa wa huku huku, na ndiyo maana walimtuma yeye. Akafungua faili. Fomu ilikuwa moja tu. Ilisema kwamba timbo lililochimbwa katika shamba la Mwanatabu limefukiwa, udongo wa juu umerudishwa, minazi themanini imepandwa, na mwenye shamba ameridhika. Jafar aliisoma yote, kwa kuwa bibi alimwambia aisome yote.

"Na lile shimo nyuma ya choo changu ni la nani?"

"Bibi, hiyo ni lugha ya ofisini. Kwanza unatia kidole, faili lifungwe. Halafu kufukia kunakuja."

"Haya, lete."

Akapangusa chicha mkononi, akabonyeza dole gumba kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi. Likatoka doa jeusi la mviringo, laini kama tone la lami, halina mstari hata mmoja. Jafar akamfuta kidole kwa kitambaa chake mwenyewe, wakajaribu tena. Wakajaribu mara nne. Mwanatabu hakumkatiza. Alijua tangu mwaka juzi kwamba kidole hicho hakina alama. Alama zake zilikuwa timboni.

Mambo yalianza hivi. Miaka minne nyuma kampuni iliita mkutano kwenye uwanja wa shule, ikaeleza mpango wake, na mpango wenyewe ulikuwa mtamu kuusikiliza. Udongo mweusi wa juu ungetolewa kwanza, urundikwe kando, usiguswe. Mchanga ungechimbwa kwa ngazi, moja chini ya nyingine, ili kuta zisiporomoke, na kokoto zichekechwe huko huko chini. Mwaka wa nne wangefukia, warudishe ule udongo mweusi, wapande minazi. Mwanatabu alisimama, akasema shamba la babake halichimbwi, akakaa. Wakati wa kutoka kila mtu alipewa soda, na ili uipate unatia kidole kwenye orodha ya waliohudhuria. Akatia. Alichukua ya machungwa, na haikuwa hata baridi.

Mwezi wa pili matingatinga yakaingia. Alipokwenda kushtaki kwa mkubwa wa mtaa, akaonyeshwa kidole chake chini ya karatasi nyingine kabisa, ya kukubali.

"Hiki si chako?"

"Ni changu."

"Basi, mama."

Tangu hapo kidole kikawa kinafutika, mstari baada ya mstari, kadiri timbo lilivyozidi kwenda chini. Habari kamili ililetwa na mwanawe Bakari, apakiaye mizigo uwanja wa ndege, Port Reitz. Marubani walikuwa wakizungumza. Ukizunguka juu ya Likoni kabla ya kutua, walisema, unaona dole gumba limelala chali, na mistari yake yote.

"Tena lina kovu," Bakari akasema. "Limekata hivi, mshazari."

Mwanatabu akajitazama. Kovu alilolipata kwenye mbuzi mwaka alioolewa lilikuwa limetoka kidoleni nalo. Na kweli, katikati ya timbo palikuwa na ukuta wa mawe uliopita mshazari, ambao matingatinga matatu yalikuwa yamevunjia meno.

"Basi ni mimi," akasema, akamwongeza chai.

Malori yakiingia, alisikia mwasho. Mvua ikijaa timboni, kidole kilinywea kama cha mtu aliyefua siku nzima. Halafu mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, alikuwa akisonga ugali kidole kikafa ganzi ghafla. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akakimbia timboni vile vile na unga mikononi, akamtoa majini binti wa jirani yake Mwende. Mtoto wa miaka mitatu, midomo ishageuka rangi. Mwende ni mpangaji, mtu wa Kitui, hufanya kazi kiwandani Changamwe, na saa hiyo alikuwa kazini. Mtoto yu hai, alhamdulillahi. Lakini tangu siku hiyo Mwanatabu hulala kidole kikiwa juu ya mto, nje ya shuka, asije akakosa kusikia.

"Sasa tufanyeje, bibi?" Jafar akauliza, wino umemtapakaa hadi kwenye mkono wa shati.

"Fukieni. Shimo likijaa, mistari yangu itarudi. Ikirudi nitakutilia hapo, nikutilie na ukurasa wa nyuma ukitaka."

"Tia cha kushoto."

"Fomu yasemaje?"

Jafar akasoma. Fomu ilisema kidole kile kile cha awali. Akafunga faili, akaondoka bila kuaga vizuri.

Kampuni haikuwa na udongo wa kufukia. Lile rundo jeusi liliuzwa zamani, likaenda bustanini kwa watu. Wakaleta tipa sita za taka kutoka soko la Kongowea, kabichi zilizooza na maganda ya vitunguu, wakazimwaga timboni. Kidoleni ukarudi mstari mmoja, unanuka vitunguu. Mwanatabu akausugua kwa ndimu na jivu mpaka ukatoka.

"Mpango ulisema udongo," akamwambia Jafar kwa simu. "Mimi si jaa."

Ndipo kampuni ikaandikia ofisi ya serikali inayopokea fomu, kuuliza kama timbo lenyewe laweza kupigwa picha likatumika kama kidole. Ofisi haikuona ajabu. Ilitaka tu picha ipunguzwe kwa kipimo sahihi. Jumatatu asubuhi wakarusha kidege cha kamera, wakapunguza picha hadi ikatosha kwenye kile kisanduku kidogo, wakaibandika chini ya maneno yasemayo kwamba timbo limefukiwa. Ilikuwa picha safi sana ya shimo lililo wazi.

Ofisi ikaikataa. Ililinganisha picha na kidole cha mwanzo, ikakuta katikati pana nukta ambayo haikuwapo.

Nukta ilikuwa Mwanatabu. Alipomsikia mdudu yule akivuma juu ya paa, alichukua kigoda na ungo, akashuka ngazi zote hadi chini, akakaa kwenye kizingo cha ndani kabisa, amejitanda leso nyekundu, akichambua kunde.

Walipokuja mara ya pili, Jafar alimfuata huko huko, anateleza na viatu vyake.

"Bibi, nakuomba usogee. Dakika kumi tu."

"Nisogee niende wapi? Hapa kwetu."

"Hapa pana hatari, bibi. Ukuta waweza kukuangukia."

"Andika hivyo."

"Niandike wapi?"

"Hapo kwenye fomu, mwanangu. Andika pana hatari, wallahi nitatoka sasa hivi."

Mwende alikuwa amesimama juu ukingoni, mtoto mgongoni, bado na koti la kiwandani.

"Zi!" akapiga kelele. "Hatoki mtu! Ama umbebe, Jafar, na hivyo viatu vyako vya harusi!"

Askari waliitwa siku moja. Wakauliza shamba ni la nani. Jafar akatazama faili, ambalo kila ukurasa ulisema ni la Mwanatabu, akawaambia. Wakaenda zao.

Picha ya tatu ilikuwa na nukta mbili. Ya nne ilikuwa na kumi na saba, kwa kuwa wanawake wa mtaa walishuka na kazi zao, huyu anasuka ukili, yule anachambua mchele, na watoto wakazuiliwa juu kwa zamu. Kampuni ilijaribu Ijumaa wakati wa swala, ikajaribu Jumapili wakati wa kanisa. Ijumaa alishuka Mwende na wenzake. Jumapili alishuka Mwanatabu na wenzake.

Mwaka ukaisha. Timbo halikufukiwa, na mnazi hata mmoja haukupandwa. Kisanduku cha kidole kwenye fomu kikabaki cheupe. Masika ilipoingia maji yakafunika kizingo cha chini, na Mwanatabu akahamia ngazi moja juu. Picha ya mwezi huo ilionyesha kwamba nukta imesogea. Ofisi ikaikataa tena.