Nyuma ya Nani?

Kengele za baiskeli zilitangulia. Ya kwanza nyembamba, ya pili nzito, kisha nyingine zikadakia kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa. Zote zilikuwa zimepita upande wa pili wa ukuta kabla kijana hajafumbua macho. Aliruka kutoka kitandani. Kitanda cha pili, cha kaka yake, kilikuwa kimetandikwa vilevile tangu kaka ahamie mbali kikazi. Hakuna aliyekilalia, hakuna aliyekivuruga.

Kijana alikuwa fundi wa kuchomelea. Juma zima alishinda nyuma ya kinyago cheusi akiunga mageti ya nyumba za watu, na watu walimsemesha kwa ishara kwa sababu ya kelele za mashine. Jumapili, kabla hajajiunga na chama cha waendesha baiskeli, aliweza kushinda mpaka jioni bila kusikia sauti yake mwenyewe. Siku moja alimuaga muuza duka mara mbili, apate tu kujibiwa.

Chamani walimwita Cheche. Alitaka kitu kimoja tu: wamhesabu kuwa mwenzao. Na kwa macho yake, wenzao walikuwa wale wa mbele, bega kwa bega na Nahodha, wanaocheka bila kugeuka nyuma.

Kwenye kituo cha mafuta walipokutana, Nahodha, fundi bomba mwenye miguu kama nguzo, alimrushia kizibao cha rangi ya chungwa.

"Cheche, leo mkia ni wewe."

"Mkia?"

"Unakaa nyuma ya watu wote."

"Mkia bila ng'ombe!" alidakia Shemeji. Alikuwa shemeji wa Nahodha, basi chama kizima kikamfanya shemeji. "Angalia usije ukafukuza nzi tu huko!"

Wakacheka. Cheche alivaa kizibao masikio yakimwaka. Wamenipa kazi ya kutazama migongo yao, aliwaza. Hakuna aliyemweleza zaidi. Kwao jambo lenyewe lilikuwa wazi kama mchana, na nani anamweleza mtu mchana?

Utaratibu wao ulikuwa huu: kila penye njia panda mmoja alisimama kuwaonyesha wengine pa kukata, na hakuondoka mpaka amwone mwenye kizibao. Huyo akipita, basi wote wamepita.

Wa mwisho, mbele tu ya Cheche, alikuwa Mama Breki, mpishi wa shule aliyestaafu. Jina alilipata kwa kubana breki mteremko mzima, hata pale baiskeli yenyewe ilipokuwa inataka kusimama. Karibu na ghala la mbao alishuka kufunga kamba ya kiatu.

"Pumua kidogo, baba," alimwambia Cheche. "Mlima haukimbii."

Mbele kule kicheko kililipuka. Cheche hakujua wanacheka nini, akaamua wanamcheka yeye.

"Nakutangulia kidogo tu, mama."

Akakanyaga pedali kwa hasira. Kwenye njia panda Shemeji alikiona kizibao kikipita kama moto, naye akapanda baiskeli yake akafuata. Cheche aliwapita mmoja mmoja. Akampita Nahodha. Kileleni alifika peke yake, akainua mikono juu, akangoja kushangiliwa.

Nahodha alifika akihema. Hakumtazama usoni. Alitazama barabara.

"Mama Breki yuko wapi?"

"Yuko nyuma."

"Nyuma ya nani?"

Cheche alikitazama kizibao kifuani pake.

"Mimi nimeshaondoka njia panda," alisema Shemeji polepole, mzaha umemkauka. "Nilikiona kizibao."

Nahodha akapiga simu. Ikaita, ikaita, ikanyamaza. Akamgeukia Cheche, akasema bila ukali, na hilo ndilo lililouma.

"Mimi walinichunguza mwaka mzima kabla ya kunipa mkia. Hapewi mtu hivihivi. Leo asubuhi nilisema, huyu kijana sasa ni wetu."

Cheche alishika usukani. "Nitamfuata. Peke yangu."

"Nenda."

Barabara aliyoipanda kwa hasira ilikuwa ndefu kurudi nayo. Hakuna mgongo mbele, hakuna sauti nyuma, ila mnyororo wake ukisaga. Alipofika njia panda alisimama palepale aliposimama Shemeji, akaona jinsi mahali panavyopanuka mtu akiwa peke yake. Kwenye njia ya mlimani aliyotoka nayo hakumwona. Akashika ya pili, akiita, "Mama! Mama ee!" Sauti ilimtoka kubwa, ngeni, na ukuta wa viwanda ukamrudishia.

Alimkuta ameketi kwenye kizingiti cha karakana iliyofungwa, baiskeli imelala kando, simu mapajani.

"Nahodha amekupigia, mama. Hukuisikia?"

"Nimeisikia."

"Mbona hukupokea?"

"Wanangu watatu, wote siku hizi ni simu. Asubuhi 'Shikamoo mama,' jioni 'Lala salama mama.' Jumapili natoka nikatafute watu wenye miguu." Aliipangusa simu kwa ncha ya mtandio. "Nimefika pale njia panda nikakuta upepo. Nikasema, haya, kumbe hata hapa."

Cheche alichuchumaa. "Nilidhani wameniweka nyuma kwa dharau."

"Ulidhani." Mama Breki alitikisa kichwa. "Basi mimi sirudi tena kwenye hicho chama. Nitaendesha uani kwangu, nizunguke kamba ya nguo. Huko sipotei."

Cheche hakuwahi kujifunza kubembeleza. Alisimamisha baiskeli ya mama yule, akafuta kiti kwa kiganja, akasema, "Samahani," na neno likatoka kwa shida kama msumari wenye kutu.

"Samahani haiendeshi baiskeli, mwanangu." Lakini aliinuka, akashika usukani, akabaki amesimama. "Na Jumapili ijayo wakikunyang'anya kazi hiyo? Maana watakunyang'anya."

"Wakininyang'anya, wamefanya sawa. Nitakaa nyuma yako hata bila kazi." Aliona haya kusikia sauti yake mwenyewe, hata hivyo akaendelea. "Ukishuka, nashuka. Ukichelewa, tutachelewa wawili. Nakuahidi, mama, sitakupita tena."