Kikohozi cha Osea

Saa tatu kamili asubuhi, Alhamisi ya tarehe 16 Januari 2025, kipimo cha mvua cha kijiji cha Itaka kilikuwa kikavu. Tusekile alikikagua hadi chini, akaandika 0.0 daftarini. Ilikuwa siku ya kumi na tatu bila mvua. Shambani majani ya mahindi yalishaanza kujisokota.

Mwalimu huyo mstaafu wa sayansi alikuwa amekisoma kipimo hicho miaka kumi na tisa. Katika muda huo kanisa lilifanya maombi ya mvua mara kumi na moja. Mara tano ilinyesha ndani ya siku tatu. Kwa vipindi vikavu ambavyo havikuombewa, hesabu ilikuwa karibu ileile. Aliwahi kumwonyesha mumewe Osea, mzee wa kanisa aliyeongoza maombi hayo. Osea alivaa miwani, akasoma safu zote, akamrudishia daftari.

"Hesabu zako ziko sawa, Mama Eva. Haya, twende."

Tusekile hakwenda hata mara moja. Juni iliyopita walimzika Osea.

"Mwalimu, saa nne tunapanda kilimani," jirani yake Recho aliita kutoka njiani. "Au utabaki kulinda hicho kikopo chako?"

"Mkiomba mwezi mzima lazima inyeshe, Recho. Ni msimu wa mvua huu."

"Basi njoo utucheke kwa karibu. Gwalugano, aliyeshika nafasi ya Baba Eva, siku hizi anaomba maombi yake neno kwa neno. Mpaka kikohozi."

"Kikohozi gani?"

"Kile cha katikati, akishaombea mahindi, kabla ya maharage. Wengine wanadhani ndivyo inavyotakiwa."

Tusekile alikifahamu. Alikisikia mezani kila jioni kwa miaka thelathini na minne, chakula kikipoa.

Kilimani alikaa nyuma kabisa. Gwalugano aliomba kwa Kinyiha, kwa sauti nyembamba isiyofanana hata kidogo na ya Osea. Akaombea mahindi. Akanyamaza, akakohoa mara mbili, akaendelea na maharage. Watu wakaitikia amina. Tusekile naye aliitikia, kwa kuchelewa.

Ijumaa, saa tatu kamili, kipimo kilikuwa kikavu. Aliandika 0.0.

"Imegoma, Mwalimu!" Recho aliita. "Tunarudi tena leo. Wewe je?"

Tusekile alikuwa ameshavaa viatu.